Kimbunga kikielekea Orlando: mwongozo kamili kwa familia inayokwenda Disney na Universal

Asubuhi ya Oktoba 9, 2024, uwanja mkuu wa ndege wa Orlando, Florida, ulisimamisha safari za abiria saa 2. Disney walianza kufunga viwanja vyao vya burudani saa 7 mchana, Universal saa 8, na usiku huo kimbunga Milton kikatua Siesta Key, karibu na Sarasota, pwani ya magharibi ya Florida, kikiwa cha daraja la 3 kati ya 5. Familia iliyosubiri Disney wafunge ndipo itafute ndege ilikuwa imechelewa kwa saa tano. Aliyetegemea kuondokea Tampa alichelewa zaidi, maana uwanja wa huko ulifungwa tangu siku iliyotangulia.

Kila mzazi anayepeleka watoto Florida kati ya Juni na Novemba aliweke hilo kichwani. Viwanja vya burudani vina majengo imara, jenereta, na wafanyakazi walioifanya kazi hii mara nyingi, kwa hiyo vinaweza kungoja mpaka saa za mwisho. Wewe una mabegi, watoto na tiketi ya kurudi. Uamuzi wako ufuate uwanja wa ndege, barabara na taarifa za hali ya hewa, wala usifuate saa ya kufungwa kwa bembea.

Kabla hujalipia chochote

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Majuma hayo ya Septemba ndiyo pia yenye foleni fupi na hoteli za bei nafuu, kwa sababu watoto wa Marekani wamerudi shule. Sikukatazi kwenda. Walt Disney World imefunguliwa tangu 1971, na mara ya kwanza kufunga kwa ajili ya kimbunga ilikuwa Floyd, Septemba 1999. Mwaka 2004 vilipita vitatu ndani ya wiki chache, Charley, Frances na Jeanne. Baadaye wakaja Matthew 2016, Irma 2017, Ian na Nicole 2022, kisha Milton. Uwezekano wa juma lako kuangukiwa ni mdogo. Hasara ya kuangukiwa bila maandalizi ndiyo kubwa.

Nunua bima ya safari mapema, siku ileile unayolipia tiketi ikiwezekana. Kimbunga kikishapewa jina, kampuni za bima hukihesabu kuwa tukio linalojulikana, na bima utakayonunua baada ya hapo haitakulipa kwa kimbunga hicho. Soma pia sharti lenyewe: je, wanalipa ukiahirisha kwa hofu, au wanalipa tu ndege isiporuka, hoteli ikifungwa au serikali ikitoa amri ya kuhama? Nyingi ni za aina hiyo ya pili.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki nasisitiza jambo moja: kata safari nzima kwenye tiketi moja. Ukinunua Nairobi mpaka New York kwa shirika moja, halafu Orlando kwa shirika jingine kwenye tiketi tofauti, kimbunga kikivuruga kipande cha ndani, wale wa safari ndefu hawana wajibu wa kukungoja. Watakuandika kuwa hukutokea, basi.

Kisha uliza sheria za hoteli. Utaratibu wa Disney ni kwamba Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kikitoa onyo la kimbunga kwa eneo la Orlando au kwa mahali unapoishi ndani ya siku 7 kabla ya kufika kwako, unaweza kubadili tarehe au kufuta bila adhabu ya Disney kwa sehemu kubwa ya vyumba na vifurushi vyao. Universal nao wana utaratibu unaofanana. Masharti hubadilika, kwa hiyo yasome tena wiki ya safari. Ukipanga kupitia wakala, sheria ya wakala ndiyo itakayokubana. Ukikodi nyumba ya mtu binafsi, muulize kwa maandishi, kabla hujatuma pesa, atafanya nini kimbunga kikija. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu.

Siku 7 hadi 5 kabla ya kimbunga: jifunze kuisoma ramani

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kimbunga ni hadithi ya mbali. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikaangamia kwa wingi. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Katikati, kwa sehemu kubwa, ni miaka mingi ya mawimbi na mvua za masika. Ndiyo maana ramani za Florida hututisha pasipostahili, na pengine hutufariji pasipostahili vilevile.

Chanzo ni kimoja: Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami. Hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku kwa saa za Florida. Maonyo yakishatolewa kwa pwani, taarifa fupi huongezwa katikati, ikawa kila baada ya saa tatu. Weka kengele ya simu kwa nyakati hizo. Video za watu wanaopiga kelele mtandaoni ziache.

Kwenye ramani utaona umbo jeupe linalopanuka kama pembe ya ng'ombe kuelekea mbele. Linaonyesha mahali ambapo kitovu cha kimbunga huenda kikapita, na hata hivyo karibu mara moja kwa kila mara tatu kitovu hutoka nje yake. Halionyeshi ukubwa wa kimbunga. Upepo, mvua na mafuriko huenda mbali nje ya umbo hilo. Siku ya Milton, saa kadhaa kabla hakijatua upande wa magharibi, tonado, pepo kali zinazozunguka kama faneli, ziliua watu katika wilaya ya St. Lucie, pwani ya mashariki, upande wa pili kabisa wa jimbo.

Kosa jingine ni kukodolea macho mstari wa katikati. Agosti 13, 2004, macho yote yalikuwa Tampa. Charley akakata kulia mapema, akapanda kutoka daraja la 2 mpaka la 4 kwa muda wa saa chache, akatua kusini zaidi karibu na Punta Gorda, kisha akavuka jimbo na kupita Orlando usiku huohuo, uwanja wa ndege ukipimwa mivumo ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Waliokuwa ndani ya lile umbo jeupe walikuwa wameonywa siku nzima. Waliotazama mstari ndio walioshtuka.

Kwenye simu utakutana na ngazi mbili. Hurricane Watch inamaanisha kimbunga kinawezekana, na hutolewa takribani saa 48 kabla upepo mkali haujaanza. Hurricane Warning inamaanisha kinatarajiwa, nayo hutolewa takribani saa 36 kabla. Sasa piga hesabu: haki ya kufuta bila adhabu Disney hufungamana na hiyo ya pili, na kutoka Dar es Salaam mpaka Orlando, ukihesabu kubadilisha ndege, unaweza kutumia siku nzima na zaidi. Ukingoja Warning ukiwa bado nyumbani, itakukuta angani. Kwa bahati nzuri mashirika ya ndege huwahi kuruhusu kubadili tarehe bila malipo, mara nyingi siku mbili tatu kabla. Anza na ndege, hoteli ifuate.

Siku 4 hadi 3: amua

Kama hujaondoka nyumbani na kimbunga kinakadiriwa kufika ndani ya siku mbili za kutua kwako, ahirisha. Hata kikipita pembeni, utafika mahali ambapo ndege zimerundikana, magari ya kukodi yamekwisha na madukani hakuna maji ya chupa. Ndege ikifutwa na shirika lenyewe nawe ukaamua kutosafiri, sheria ya Marekani inakupa haki ya kurudishiwa nauli, hata kama tiketi iliandikwa kuwa hairudishwi. Watakupa vocha kwanza. Ukitaka pesa, sema pesa.

Kama umeshafika, jibu linategemea ulipolala. Orlando iko bara, zaidi ya kilomita 50 kutoka bahari iliyo karibu, na kinachoua watu wengi pwani ni maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu na upepo. Maji hayo hayafiki Orlando. Kwa hiyo mgeni aliye kwenye hoteli ya ghorofa ndani ya eneo la Disney au Universal, mwenye afya njema na chumba kilicholipiwa, mara nyingi yuko salama zaidi akibaki kuliko akiingia kwenye msururu wa magari yanayokwenda kaskazini. Baada ya kimbunga Andrew kubomoa sehemu kubwa ya kusini ya Miami mwaka 1992, Florida ilikaza sheria zake za ujenzi, na zilizoanza kutumika jimbo zima mwaka 2002 ni miongoni mwa kali zaidi Marekani.

Uliyelala kwenye hema, gari la kambi au nyumba ya kuhamishika, hilo halikuhusu: hama. Disney wenyewe huwahamisha wageni wa namna hiyo mapema. Siku ya Milton, kambi ya Fort Wilderness na vile vijumba vilivyoinuliwa juu ya nguzo msituni vilifungwa saa 5 asubuhi, kabla ya kiwanja chochote. Uliyeko pwani, tafuta herufi ya kanda yako ya kuhama kwenye tovuti ya wilaya. Kanda A huitwa kwanza. Amri ikitoka, ondoka siku hiyohiyo.

Hapa ndipo upendo wa ndugu unapoweza kuponza. Shangazi aliyeko Tampa au Fort Myers atapiga simu: "Wanangu, msikae hotelini na wageni, njooni kwangu." Anasema kwa moyo mweupe. Lakini Tampa iko kwenye ghuba, na Fort Myers ililiona bahari likiingia mpaka sebuleni wakati wa Ian, Septemba 2022. Mjibu kwa adabu, "Shikamoo shangazi, tafadhali njoo wewe huku kwetu," na kama chumba kina nafasi, mpokee. Safari ya gari kutoka Tampa ni kama saa moja na nusu siku ya kawaida. Siku ya kuhama inaweza kuwa mara tatu ya hapo, kwa hiyo aondoke mapema, tanki likiwa limejaa.

Mwenye mashine ya kusafisha damu, oksijeni ya umeme, au ujauzito uliokaribia, asibaki kwa hesabu ya jenereta za hoteli. Jenereta nyingi huwasha taa za korido, lifti moja na jiko, haziwashi soketi ya chumbani kwako.

Saa 48 za mwisho: viwanja vinafanya nini

Kujua kazi yao kutakusaidia kutabiri kitakachofuata. Rola kosta yenyewe imejengwa kwa upepo. Treni zake huingizwa kwenye banda na kufungwa breki, na reli inabaki ilivyo. Hofu yao kubwa ni vitu vyepesi: miavuli, mapipa ya taka, viti, mabango, vibanda vya bisi. Pipa likipeperushwa kwa kilomita 120 kwa saa ni silaha. Ukiona asubuhi wanakusanya miavuli na kufunga mapipa kwa mikanda, jua kufungwa kuko njiani, tangazo litoke lisitoke. Vibanda vya Skyliner vinavyoning'inia kwenye kamba huingizwa vituoni, boti hufungwa, treni ya reli moja husimama. Hapo usafiri wa ndani unabaki mabasi, nayo yana mwisho.

Maji ndiyo kazi isiyoonekana, nami naona ndiyo nzuri kuliko zote. Ardhi ya Disney ilikuwa kinamasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walichimba mifereji na kujenga matuta, jumla karibu kilomita 100, wakaweka malango yenye maboya: maji yakipanda, boya linapanda, lango linafunguka, yakishuka linajifunga. Hakuna umeme wala mtu wa kukesha akizungusha gurudumu. Kwa sababu hiyo Magic Kingdom, kimojawapo cha viwanja vya Disney, hufunguliwa siku moja baada ya mvua ambayo mitaa ya jirani huisumbukia kwa wiki nzima.

Linganisha na kiwanja cha burudani cha Six Flags cha New Orleans, jimbo la Louisiana. Kilijengwa mashariki ya mji, mahali pa chini, kikazungukwa na ukuta wa udongo. Kimbunga Katrina kilipokuja Agosti 29, 2005, pampu zikashindwa, na ukuta uliokusudiwa kuzuia maji yasiingie ukayazuia yasitoke. Bembea zilikaa kwenye maji ya chumvi kwa wiki kadhaa, kiwanja hakikufunguliwa tena, na ubomoaji wake ulianza 2024.

Wanyama wa Animal Kingdom, kiwanja cha Disney chenye wanyama, huingizwa kwenye mabanda yao ya usiku ya zege. Tembo na vifaru wamezoea kuitwa ndani kila jioni kwa chakula, kwa hiyo siku ya kimbunga utaratibu huanza mapema tu, na watunzaji hulala nao hukohuko. Mwaka 1998, kimbunga Georges kikikaribia, bustani ya wanyama ya Miami iliwafungia heroe kwenye vyoo vya wageni, ndege wa waridi wamejazana chini ya masinki. Kilikuwa chumba cha zege kisicho na dirisha kubwa, na ndicho walichohitaji.

Wapo pia wafanyakazi wa zamu ya kimbunga. Huja na mabegi ya nguo na kulala hotelini mpaka upepo upite: wapishi, wapokezi, mafundi, walinzi. Wengi wameacha watoto wao kwenye nyumba za Kissimmee, mji wa jirani, zilizo dhaifu kuliko chumba unachokilalamikia. Foleni ya chakula ikiwa ndefu, wasemeshe kwa upole.

Siku moja kabla: nunua, chaji, jaza

Nenda dukani asubuhi, kabla ya kiwanja. Maji ya kunywa yahesabiwe lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu. Chakula kiwe kisichohitaji moto: mkate, siagi ya karanga, tuna ya kopo lenye kidole cha kufungulia, ndizi, biskuti, maziwa ya mtoto ya kutosha wiki. Hoteli kubwa huuza maboksi ya chakula siku ya kufungwa, lakini foleni yake inatambaa mpaka nje na uchaguzi ni mdogo. Kwa anayekula halali au mwenye mzio, boksi hilo si la kulitegemea.

Dawa za wiki mbili, pasipoti na karatasi za bima vitie kwenye mfuko wa plastiki unaofunga vizuri, na picha zake zitume kwa mtu wa nyumbani. Toa noti kidogo za dola 5 na 10, kwa sababu umeme ukikatika mashine za kadi zinalala. Gari lijaze mafuta likiwa bado nusu. Chaji simu zote na pawabanki zote, kisha pakua ramani ya eneo ili isitegemee mtandao.

Halafu piga simu nyumbani, kabla habari hazijawafikia kwa njia nyingine. Dar na Nairobi wako mbele kwa saa saba majira hayo, na usiku wako wa kimbunga ni asubuhi yao ya wasiwasi. Waambie jina la hoteli, saa unazotarajia kukosa mtandao, na mtu mmoja tu atakayepokea ujumbe wako na kuusambaza kwa ukoo. Bila hivyo betri itaisha ukimjibu kila mjomba.

Usiku wenyewe

Ingiza viti vya baraza. Jaza beseni la kuogea, maji hayo ni ya kumwaga chooni bomba likinyamaza. Kunja taulo na uzisukume kwenye kizingiti cha mlango wa kioo, maana mvua ya kimbunga huja kwa ubavu na hupenya pale ambapo mvua ya kawaida haigusi. Funga pazia. Usibandike gundi ya karatasi kwenye vioo, haizuii kuvunjika na hufanya vipande viwe vikubwa. Vitanda visogeze mbali na dirisha, au walaze watoto upande wa mlango wa korido.

Viatu viwe kando ya kitanda na tochi ndani ya kiatu. Onyo la tonado likilia kwenye simu, wote mnaingia bafuni au koridoni mara moja, mkifunika vichwa kwa mito. Lifti msiipande.

Watoto wanaotoka siku tatu za bembea kuja kufungiwa chumbani watahangaika, na ni haki yao. Hoteli za Disney mara nyingine hupeleka Mickey na wenzake kwenye ukumbi wa mapokezi, pamoja na michezo, kabla upepo haujakolea. Uliza mapokezi saa ngapi. Baada ya hapo karata na hadithi zitafaa zaidi ya kishikwambi kinachokula chaji.

Upepo ukikoma ghafla katikati ya vurugu, huenda ni jicho la kimbunga limefika juu yenu. Kwa hemisfia ya kaskazini upepo huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa hiyo jicho likipita, unarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile. Msitoke mpaka mamlaka iseme.

Kesho yake

Usikimbilie barabarani. Maji ya sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, ya sentimita 60 hubeba karibu gari lolote, na huwezi kuona kama lami iliyo chini bado ipo. Waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme. Baada ya Ian, mvua ya zaidi ya milimita 250 ilinyesha maeneo mengi ya Orlando na Kissimmee, na mito iliendelea kupanda siku kadhaa jua likiwa linawaka. Kabla ya kuendesha, tazama hali ya barabara kwenye huduma ya FL511.

Aliye kwenye nyumba ya kukodi yenye jenereta asiiwashe ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuamsha. Chakula cha friji lililokaa bila umeme zaidi ya saa nne, hasa nyama na maziwa, kitupwe.

Hali ya dharura ikitangazwa, sheria ya Florida inakataza kupandisha kupita kiasi bei za vyumba, maji na mafuta. Ukitozwa mara tatu ya bei ya kawaida, tunza risiti na upeleke malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Wanafuatilia.

Baada ya Milton, Disney na Universal walifungua Oktoba 11. Siku ya kwanza baadhi ya michezo huwa bado inakaguliwa, na bustani za maji hungoja zaidi. Sherehe za usiku zilizofutwa kwa kawaida hurudishiwa pesa, lakini tiketi ya kawaida ya siku uliyoikosa inahitaji upige simu au uende dirisha la huduma kwa wageni. Nenda na namba ya tiketi, tarehe, na ombi moja lililo wazi: kusogezewa siku au kurudishiwa. Ukiwa na ndege ya kurudi ndani ya saa 24, acha kiwanja na uhakikishe kiti chako na shirika la ndege kwanza, kwa sababu viti vya siku hizo mbili tatu huisha kabla ya saa sita mchana.